Anki kwa msomaji wa vitabu vya maarifa: nzuri, mradi maswali uyatunge mwenyewe

Anki ni programu ya kadi za maswali. Kwenye kompyuta ni ya bure, na kwenye Android utaipata kwa jina la AnkiDroid, nayo bure. Ya iPhone inalipiwa.

Kazi yake ni kukuuliza swali pale unapokaribia kusahau jibu. Ukipatia, kadi inarudi baada ya siku kadhaa, kisha wiki, kisha miezi. Ukikosea, inarudi upesi.

Tatizo huanzia kwenye kutunga. Wengi hunakili aya nzima ya kitabu na kuiita kadi, na matokeo yake wanakariri umbo la aya bila kuelewa. Funga kitabu kwanza, ndipo uandike swali lenye jibu moja fupi. “Eleza kuhusu chumvi na nyama” ni kadi mbovu. “Kwa nini chumvi huzuia nyama kuoza?” ni nzuri, jibu: huvuta maji, bakteria wakakosa unyevu. Kadi tano hadi kumi kwa sura zinatosha kabisa.

Programu huja ikiwa imepangwa kadi mpya 20 kwa siku. Punguza ziwe 5, maana kila kadi mpya ni deni la marudio, na ukiacha wiki moja utakuta mlundikano wa kukatisha tamaa. Kadi uliyoisahau mara 8 huwekewa alama ya kadi sugu, na kutegemea mipangilio yako inaweza kusimamishwa yenyewe. Usiilazimishe irudi ilivyo: igawe iwe kadi mbili.

Mwonekano wake umepitwa na wakati na mipangilio ni mingi mno kwa anayeanza. Hata hivyo, tunaipendekeza kwa moyo wote.