Ensaiklopidia ya Nyumbani Mbeya: Ununue Ipi Kwanza, na Ipi Uiache

Kila Januari, ada zikishalipwa na sare zikishashonwa, wazazi hunijia na swali lilelile: "Mwalimu, nimnunulie mtoto vile vitabu vikubwa vya kila kitu, au hela hiyo niiweke kwenye bando?" Swali hili nalipenda, kwa sababu anayeliuliza ameshaamua kuwa maarifa yanastahili kutengewa fedha. Nyumbani nina seti ya ensaiklopidia ya kuchapwa ya miaka ya themanini, na kwenye simu nina Wikipedia, ile inayoandikwa na watu wa kawaida wanaojitolea. Zote nazitumia kila wiki, na hivi ndivyo ningempangia ndugu yangu.

Kabla ya kulipa, nenda na maswali yako ya nyumbani. Mimi nina matatu. Kimondo cha Mbozi kiko mkoa gani? Njombe ni wilaya au mkoa? Kipunji ni nani?

Majibu unayajua ukiwa wa huku. Mbozi iko Songwe, mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Njombe ilitoka Iringa ikawa mkoa mwaka 2012. Kipunji ni kima wa misitu ya Rungwe na Livingstone. Wenyeji walikuwa na jina lake tangu zamani, lakini wanasayansi walimtangaza kwa dunia mwaka 2005 tu, na mwaka uliofuata wakampa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, kwa heshima ya mlima wetu. Seti yangu haijui hata moja kati ya hayo matatu. Pembeni mwa kurasa nimeandika kwa penseli: "sasa ni Songwe", "sasa ni mkoa". Kipunji hana hata mstari wa kuandikia pembeni.

Nafasi ya kwanza: Wikipedia iliyopakuliwa, isiyohitaji mtandao

Wengi hawajui kwamba Wikipedia nzima inaweza kuhifadhiwa kwenye simu, kishikwambi au kompyuta, ukaisoma bila bando. Programu inaitwa Kiwix, ni ya bure. Unaipakua mara moja, kisha unapakua faili la Wikipedia ya lugha unayotaka. Fanya hivyo mahali penye mtandao wa uhakika, na mkiwa wengi, mmoja apakue halafu wengine wahamishiwe faili simu kwa simu. Walimu waliopewa vile vishikwambi vya sensa ya 2022 waangalie kwanza nafasi iliyobaki humo, kwa maana kifaa huenda tayari unacho.

Faili la Kiswahili ni dogo, linaingia hata kwenye simu ya kawaida. La Kiingereza ni jambo jingine: likiwa na picha linazidi GB 100, hivyo utahitaji kadi kubwa. Na hapa ndipo watu wanapoliwa. Kwanza, kuna memori kadi za bandia zilizoandikwa ujazo mkubwa ambao ndani haupo. Ijaze mafaili ukiwa bado dukani, uyafungue, ndipo ulipe. Pili, kadi iliyopangwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4. Mwambie fundi aipange kwa exFAT kabla hujaanza kuhamisha, la sivyo utapakua usiku kucha na kazi itakataa mwishoni.

Kwa nini naiweka ya kwanza? Mtoto wa shule ya msingi anasoma kwa Kiswahili, na seti kubwa za kuchapwa zinazojulikana, Britannica na World Book, ni za Kiingereza. Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003, na kata zetu nyingi zina kurasa humo. Mtoto wa Uyole anapokuta jina la mahali anapoishi limeandikwa sehemu moja na London, anakaa anasoma. Nimeliona hilo kwa macho yangu, na ndilo lililonifanya niache kuidharau.

Kasoro zake nazisema wazi. Makala nyingi za Kiswahili ni "mbegu", ndivyo zinavyoitwa humohumo: mistari mitatu minne, basi. Mtoto wa sekondari anayetafuta maelezo ya usanisinuru hatashiba hapo, atahitaji faili la Kiingereza. Tena faili ulilopakua linabaki na tarehe yake. Lisipopakuliwa upya mara moja kwa mwaka, linazeeka kama kitabu.

Wazazi huniuliza kama kitu kinachohaririwa na yeyote kinaaminika. Mwaka 2005 jarida la Nature liliwapa wataalamu makala 42 za sayansi, za Wikipedia ya Kiingereza na za Britannica, bila kuwaambia ipi ni ipi. Kwa wastani walikuta makosa kama manne kwa kila makala ya Wikipedia, na kama matatu kwa ile ya Britannica. Britannica ilipinga vikali namna kazi hiyo ilivyofanyika. Mimi najifunza mambo mawili hapo: hakuna isiyo na kosa, na matokeo hayo ni ya sayansi kwa Kiingereza, usiyahamishie kwenye mbegu za Kiswahili. Mfundishe mtoto kushuka hadi chini ya makala aone kama kuna marejeo. Akiwa mtandaoni, abonyeze "Fungua historia" aone nani alibadilisha nini na lini. Nilikuta kosa kwenye ukurasa wa kata moja ya hapa Mbeya, nikabonyeza "Hariri", nikalirekebisha, nikaweka chanzo. Penseli yangu pembeni mwa kitabu inamsaidia anayekuja sebuleni kwangu tu.

Nafasi ya pili: seti ya kuchapwa ya mtumba

Ndiyo, mtumba, na naiweka juu ya bando. Umeme ukikatika, kitabu kinasomeka kwa mshumaa. Mtoto anayetafuta volkeno hukutana na vipepeo njiani, akasahau alichotumwa, na hakuna tangazo la kamari linalomrukia. Moyo, jicho, injini, vita vya kale, hayo hayajabadilika sana.

Ila kagua kwa makini. Fungua ukurasa wa haki miliki uone mwaka. Tafuta Sudan Kusini, iliyozaliwa 2011. Angalia kama Pluto bado ni sayari, maana iliondolewa 2006. Hesabu juzuu zote, na hakikisha faharasa ipo, kwani bila faharasa unanunua msitu usio na njia. Britannica ya mwisho kuchapwa, ya mwaka 2010, ina juzuu 32: moja ya utangulizi, 12 za makala fupi, 17 za makala ndefu na mbili za faharasa. Wauzaji huzitenganisha, na mnunuzi akapewa fupi tupu akidhani ndiyo seti nzima.

Kisha nusa. Vitabu vilivyokaa Tukuyu, Makete au Njombe hubeba ukungu, na ukungu huhamia kwenye vitabu ulivyo navyo. Vikifika kwako viweke mbali na ukuta wa nje na uviinue kutoka sakafuni, kwa kuhofia mchwa.

Nafasi ya tatu: Wikipedia kwa bando

Ni nzuri kwa habari mpya na kwa kuhariri. Kama njia pekee ya mtoto kusoma siipendekezi, kwa sababu bando likiisha katikati ya kazi ya shule, kazi nayo inaishia hapo, na simu yenye bando ina mengine mengi ya kumvuta.

Nafasi ya nne: seti mpya kabisa

World Book ya Chicago bado inachapwa, juzuu 22. Ni kazi safi, picha zake ni za kuvutia, lakini bei inazidi dola 1,000 huko Marekani kabla ya nauli na ushuru. Kwa familia moja sishauri. Kwa shule ambayo watoto mia kadhaa watazishika, na yenye mtu wa kutunza maktaba, naunga mkono.

Uiache dukani: diski za Encarta, ensaiklopidia ya kompyuta. Microsoft waliachana nayo mwaka 2009, na kompyuta nyingi za leo hazina hata pa kuingizia diski.

Mwenye fedha kidogo aanze na kadi moja halisi na faili la Kiswahili, aongeze la Kiingereza mtoto akiingia Kidato cha Kwanza. Seti ya mtumba inaweza kungoja hadi upate iliyo kamili, hata kama ni mwaka kesho.