Kikataji cha mkia wa njiwa cha HSS (chuma kigumu cha zana), digrii 60, kipenyo 20 mm

Kwa pembe za ndani zilizolala, kama njia za slaidi za mashine, hiki ndicho cha kununua kama mashine yako ya milingi (ya kuchonga chuma kwa kikataji kinachozunguka) ni ya kawaida. Meno yana kimo cha 8 mm. Cha kabaidi, kigumu zaidi lakini chepesi kuvunjika, hukata haraka zaidi, ila slaidi ya mashine yako ikilegea kidogo tu, ncha zinameguka.

Na ncha ndiyo roho ya kifaa hiki: ni nyembamba, huchoka kwanza. Chagua yenye mviringo wa 0.2 mm, hudumu kuliko iliyochongoka kabisa. Usikitwike kazi ya kuchimba chuma kizima. Tangulia na endimili (kikataji cha kawaida chenye kingo zilizosimama wima), toa mfereji wa katikati, bakiza 0.2 mm chini. Kisha kiingize kutoka ubavuni, mizunguko 400 kwa dakika kwa chuma laini, mafuta yakimiminika, kikila 0.5 mm kila pasi, na ya mwisho 0.1 mm. Usikiinue kikiwa ndani. Kitararua kingo za juu na kipande kimeharibika.

Vernia, kipimio cha taya, haifiki konani. Laza pini mbili za 6 mm, moja kila kona, pima nafasi kati yake, ongeza 16.39 mm: umepata upana wa chini.

Kabla ya kulipa, soma digrii kwenye shingo. Cha 55 kinafanana nacho mno.