Nyumba ya kupanga Barani, Malindi: ilivyo kwa mtu wa kiti cha magurudumu

"Mamangu, nyumba yako nimeipata. Iko chini, haina ngazi." Dalali wa Malindi akikwambia haina ngazi, ana maana haina ghorofa. Baraza la kimo cha sentimita 36 mbele ya mlango yeye halihesabu.

Nyumba ni ya vyumba viwili, jiko na choo cha ndani, kodi shilingi 13,000 kwa mwezi. Mimi nashona nguo nyumbani na kiti changu ni cha kujisukuma mwenyewe, kwa hiyo nilitaka pahali pa kuingia na kutoka bila kumwita mtu. Nimekulia Lamu, mtaa wa Mkomani, na kwetu nakupenda. Ila nyumba za mawe za kule ngazi zimesimama wima na vizingiti vimeinuka. Vichochoro navyo, ukikabiliana na punda aliyepakiwa mchanga, mmoja wenu sharti arudi nyuma, na punda harudi. Malindi ni tambarare na tuktuk zimejaa. Kiti kinakunjwa, kinasafiri nyuma ya abiria.

Mwenye nyumba alikuwa ameshamwaga zege la mteremko kabla sijahamia, na kwa hilo namshukuru. Tatizo, ulikuwa na urefu wa mita moja na nusu tu. Kipimo kinachotumika sana ni hiki: kila sentimita moja ya kimo inataka sentimita 12 za urefu. Kimo cha 36 basi kinataka mita nne na zaidi. Ule wake ulifaa kuteremshia mapipa. Ukipanda, kiti kinataka kukupindua kichalichali. Ukishuka, viganja vinaungua kwa kuzuia magurudumu. Fundi aliubomoa, akajenga mwingine ukiambaa ukuta kisha ukakunja kona, na pale konani akaacha sakafu bapa ya mita moja na nusu kila upande, ya kugeuzia kiti na kuvuta pumzi. Gharama tuligawana baada ya mabishano marefu ya simu. Nilimtajia kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010, kinachompa mwenye ulemavu haki ya kufika kila mahali kwa njia inayofaa. Akanijibu, "Dada, Katiba hainunui saruji." Alilipa nusu, lakini.

Milango ndiyo inayotaka macho. Watu hupima fremu. Wewe fungua mlango, upime uwazi unaobaki, maana ubao na bawaba hula sentimita kadhaa. Kiti changu kutoka pete hii ya kusukumia gurudumu hadi ile ya upande wa pili ni sentimita 64, na vidole navyo vinataka nafasi yao. Sebuleni na chumbani napita vizuri. Mlango wa choo ulikuwa na uwazi wa 60, yaani choo kizuri cha kukitazama kwa mbali. Tuliupanua hadi 90 na nikataka ufungukie nje: ukianguka humo na mlango unafungukia ndani, mwili wako mwenyewe ndio utakaowazuia wanaokuja kukuinua.

Choo chenyewe ni cha kukalia na kimo chake kinakaribiana na cha kiti changu, kwa hiyo kuhama si kazi. Kando yake tumetia chuma cha kushikilia, kile kisichoshika kutu, maana hewa ya bahari haimuonei huruma mtu. Ukuta ni wa mawe ya matumbawe, laini, na skrubu za kawaida hutoka na unga wake. Fundi ilibidi atoboe ndani sana na kujaza saruji. Alipomaliza nikamwambia aning'inie yeye kwanza kwa uzito wake wote. Alinuna, akaning'inia.

Jiko sina mengi ya kusema: meza ya zege iko juu na chini yake imezibwa, magoti hayaingii. Napikia kwenye meza ya mbao. Madirisha yako chini, kwa hiyo upepo wa kusi unanifikia mimi niliyekaa, na hilo ni jambo kubwa Malindi.

Naipa nyota tatu na nusu kati ya tano, na nyota iliyopungua zaidi imeliwa na njia. Kutoka geti hadi lami ni mchanga mtupu, magurudumu madogo ya mbele yanazama. Nikiwa na haraka nageuza kiti niende kinyumenyume, makubwa yatangulie, na watoto wa jirani hunisindikiza kwa vifijo. Masika yakija ni matope, na hapo hata hila hiyo haifui dafu. Nimeomba kabro, yale matofali ya kutandika njia, kwa upana wa mita moja na nusu tu, na nimeahidiwa "mwezi ujao inshallah".

Mkataba unaisha Desemba. Kabro zikiwekwa, natia sahihi tena. Zisipowekwa, kuna nyumba nyingine kandokando ya lami, kodi imezidi kwa shilingi 3,000, na milango yake nimeshaipima.