Mashine ya boti isiyomaliza mgao: ipi ununue ukiwa Mtwara au Lindi

Boti ikirudi Mikindani asubuhi, kuna kitu hutolewa juu kabla ya mgao, nacho ni mafuta. Pesa ya samaki inahesabiwa, ya petroli inawekwa pembeni, kinachobaki ndicho tajiri wa chombo na mabaharia wanagawana. Siku ya neema hakuna anayeliona pengo hilo. Siku ya ndoo moja ya changu, mashine imeshakula riziki ya watu watano kabla hawajashuka majini. Kwa hiyo ukienda kununua mashine, usianze na bei wala "ina hospawa ngapi". Uliza itakula lita ngapi kwenye chombo chako, kwa mzigo wako.

Kuna kipimo ambacho kila mnunuzi akishike kichwani. Kwa resi ya mwisho, mashine ya petroli ya kuchanganya oili (two-stroke) hula karibu nusu lita kwa saa kwa kila hospawa moja. Ya petroli isiyochanganya (four-stroke) hula kama theluthi ya lita. Ya dizeli, kama robo. Nusu, theluthi, robo. Namba hizo hupanda na kushuka kidogo kulingana na umri wa mashine na mkono wa nahodha, lakini mpangilio haubadiliki.

Ya kwanza: petroli isiyochanganya, hospawa 9.9 hadi 15

Kwa boti ya faiba au mtumbwi wa mita sita hadi saba, wenye watu watatu wanne na nyavu, hii ndiyo naiweka juu bila kusita.

Tupige hesabu. Mashine 15 ya kuchanganya kwa resi ya mwisho inakula lita saba na nusu kwa saa, isiyochanganya inakula tano. Ukiendesha saa 4 kwa siku, siku 20 kwa mwezi, unapata saa 80: lita 600 dhidi ya 400. Kwa hesabu nyepesi ya shilingi 3,000 kwa lita, pengo ni shilingi 600,000 kila mwezi. Ongeza na oili. Ukichanganya moja kwa hamsini, lita 600 za petroli zinataka lita 12 za oili, na oili hiyo inaungua yote. Isiyochanganya inakaa na oili yake tumboni, chini ya lita mbili, unaibadilisha kila baada ya saa 100. Najua hakuna anayekwenda na resi ya mwisho mchana kutwa, ila ukipunguza resi pengo halizibiki. Mashine ya kuchanganya ni mbovu zaidi kwa mwendo wa polepole.

Sababu unaweza kuiona kwa macho. Chungulia nyuma ya tezi, yaani upande wa nyuma wa chombo, bahari ikiwa shwari, utaona utando wa rangi rangi unaofuata mashine. Ile ni petroli uliyoinunua. Kwenye mashine ya kuchanganya, tundu la kuingizia mafuta na la kutolea moshi huwa wazi kwa pamoja kwa kitambo kidogo, na sehemu ya mafuta mapya hutoka na moshi kabla ya kuungua.

Ina taabu zake, na nisingependa ununue bila kuzijua. Yamaha Enduro 15 ya kuchanganya ina uzito wa kilo 36 hivi, Yamaha isiyochanganya ya nguvu ileile inapita kilo 50. Huko kwetu maji yakitoka wakati wa bamvua, boti inabaki mbali kwenye tope, na mashine hailali pwani kwa sababu ya wezi. Enduro kijana mmoja anaibeba begani hadi nyumbani. Hii nyingine inataka wawili, na inataka kulazwa kwa ubavu ule tu ulioandikwa kwenye kitabu chake. Ukiilaza vibaya oili inaingia kwenye silinda, kesho asubuhi unavuta kamba hadi bega linauma. Mfundishe kila baharia jambo hilo siku ya kwanza.

Ya pili: dizeli ya ndani, hospawa 10 hadi 25

Kama chombo chako ni dau au mashua nzito ya mbao, geuza orodha hii: dizeli ndiyo ya kwanza.

Chombo kizito kina ukomo wa mwendo unaotokana na urefu wake ndani ya maji. Chenye mita saba majini hugota kwenye maili sita na nusu za bahari kwa saa hivi. Ukifika hapo, omo, yaani upande wa mbele, inainuka, tezi inazama, na kila lita unayoongeza inachimba wimbi badala ya kusogeza chombo. Dizeli ya silinda moja ya hospawa 12, jamii ya zile zinazozungusha vinu vya unga vijijini, inatosha kabisa kufika kwenye ukomo huo, na kwa nguvu yake yote inakula kama lita tatu tu kwa saa.

Tatizo ni kwamba lazima utoboe chombo na kupitisha shafti, na propela inabaki chini siku zote, kwa hiyo pwani ya miamba na maji mafupi haiitaki. Halafu ni nzito, usiifikirie kwa mtumbwi. Fundi wa kunyoosha shafti ni muhimu kuliko mashine yenyewe. Shafti iliyopinda inatafuna mpira wa kuzuia maji na kupoteza nguvu.

Ya tatu: petroli ya kuchanganya, hospawa 15

Ndiyo iliyojaa pwani yote, kuanzia Kilwa Kivinje hadi Msimbati, na ina haki yake. Vipuri vipo, fundi yupo kila kijiji, na plagi unaibadilisha katikati ya bahari kwa mikono yenye maji. Anayeanza na mtaji mdogo na kuvua karibu, saa moja kwenda na kurudi, hatofidia bei ya ile isiyochanganya haraka. Mnunulie hii.

Ila chonde, acheni kumimina oili kwa kukadiria. Wengi wanaweka mara mbili ya inayotakiwa wakiamini wanailinda mashine, wengine wanatumia oili ya gari. Plagi inajaa masizi, mashine inakohoa, unaongeza resi, mafuta yanakwenda. Nunua oili ya mashine za boti za kuchanganya, na kikombe chenye alama.

Ya mwisho: petroli ya kuchanganya, hospawa 40

Kwa resi ya mwisho ni lita 18 hadi 20 kwa saa. Dumu la lita ishirini linakwisha kabla hamjamaliza mazungumzo. Mwenye boti nyepesi ya abiria anayelipwa kwa kuwahi anaweza kuitetea, na anayefuata jodari mbali vilevile. Mvuvi wa jarife mwenye boti nzito hana sababu.

Niliwahi kununua moja. Muuzaji aliniambia boti yangu itaruka, nami sikuuliza kuhusu propela. Ilikuja na ile ya boti nyepesi. Kwa mzigo wetu mashine ililemewa, ikanguruma nzito, moshi mweusi, na mwendo uleule wa siku zote. Miezi mitatu mabaharia waligawana makombo, na wawili walihama chombo. Mmoja wao alikuwa ameoa mwaka ule. Hilo bado linaniuma.

Kwa hiyo geuza propela uisome kabla hujalipa. Kuna namba mbili, za inchi: ya kwanza ni upana wake, ya pili ni umbali ambao ingejisokota kwenda mbele kwa mzunguko mmoja. Boti nzito inataka namba ya pili iliyo ndogo. Hakikisha duka lina propela ya mzigo, na uichukue siku hiyohiyo.

Mengine nitayasema upesi. Mwani na makombe yaliyoganda chini ya chombo yanakula mafuta kuliko mashine mbovu, na wazee waliokuwa wakipaka shahamu na chokaa walijua wanachofanya. Punguza mwendo kwa sehemu moja ya kumi, akiba ya mafuta inapita hiyo sehemu ya kumi. Na usiuze tanga. Kusi ikivuma na wewe unaelekea kaskazini, hakuna mashine inayoshindana na bei yake.

Bei kikomo ya petroli na dizeli EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, huitangaza Jumatano ya kwanza ya mwezi, na Mtwara ina safu yake kwa kuwa mafuta hushushwa bandarini hapa pia. Weka bei hiyo mahali pa ile 3,000 yangu.

Kabla ya kumaliza malipo, omba kujaribu mashine kwenye chombo chako. Chukua dumu la wazi, lichore alama lita kwa lita kwa kalamu ya wino mzito, pakia watu wale wale na nyavu zilezile, washa simu ikupimie umbali, toka Shangani uende hadi upite Msanga Mkuu kisha urudi, ili upepo ukusaidie upande mmoja na kukukwaza upande wa pili. Gawanya lita kwa kilomita. Muuzaji akikataa jaribio hilo, kaa na pesa yako, kuna duka jingine.