Kibali cha Buckskin Gulch na Paria: unacholipia na unachopaswa kujibebea

Kwa bei, kibali hiki cha korongo ni cha nafuu. BLM, idara inayosimamia ardhi za umma Marekani, hutoza ada ya msingi ya dola 5 kwa kila mtu kwa kila siku ya kulala ndani ya Paria Canyon, mpakani mwa Utah na Arizona. Unaombea kwenye tovuti ya Recreation.gov. Kwa fedha hiyo unaingia Buckskin Gulch, mojawapo ya makorongo membamba marefu kuliko yote duniani, kisha unafuata mto Paria hadi Lees Ferry, karibu kilomita 70 kwa jumla. Kuta ni za jiwe la mchanga aina ya Navajo. Zinapanda zaidi ya mita 100 juu ya kichwa, na kuna mahali mabega yanagusa pande zote mbili. Tunakipa alama 4 kati ya 5. Alama moja tumeiondoa kwa sababu kibali kinakupa haki ya kuingia tu, na anayekinunua mara ya kwanza hudhani amenunua na njia iliyotayarishwa.

Nafasi za kulala ni watu 20 kwa siku katika eneo zima, na kundi lisizidi watu 10. Hapo ndipo uzuri wa huduma hii ulipo: unaweza kutembea nusu siku bila kusikia sauti ya mtu. Hapo ndipo na ugumu wake ulipo, maana nafasi za Mei na Oktoba huisha upesi mno. Watembeaji wa kutwa hawana kikomo, kwa hiyo kilomita tatu za mwanzo kutoka Wire Pass, mlango wa kuingilia Buckskin, huwa na msongamano. Moto ni marufuku, na kinyesi unakibeba hadi mwisho ndani ya mifuko maalumu. Weka mifuko miwili kwa kila mtu kwa siku, ndani ya chombo chenye kifuniko cha kusokota. Ukiwa na mmoja tu kwa siku, utaujutia siku ya pili.

Anza Wire Pass, usianze White House, mlango wa kuingilia mto Paria. White House ni rahisi zaidi, kilomita 11 za mto mpana hadi makutano ya Paria na Buckskin, lakini unaikosa Buckskin yote au unalazimika kuipanda kinyume na kurudi. Kutoka Wire Pass hadi makutano na Paria ni kama kilomita 22, na lazima zimalizike siku moja, kwa sababu ndani ya Buckskin hakuna pa kulala salama mpaka unapokaribia makutano, palipo na ukingo wa mchanga ulioinuka. Katikati kuna njia ya kupanda kutoka, iitwayo Middle Route. Isiingie kwenye hesabu zako za kujiokoa. Ni kupanda mwamba kwa mikono, na si rahisi kuiona kutoka chini hata mchana kweupe.

Maji ya kunywa Buckskin hayapo. Kuna madimbwi ya matope yaliyotuama, mengine ya kifundo cha mguu, mengine ya kifua, na jua haliyafikii. Hata wakati wa joto kali huko juu, kukaa ndani yake dakika kumi kunatosha kuanza kutetemeka. Beba lita 5 hadi 6 kila mtu kutoka garini. Ndani ya shanta tanguliza mfuko mzito wa plastiki, kisha begi la kulalia na nguo kavu ndani ya mfuko mwingine usiopenya maji. Kifuniko cha mvua cha shanta hakisaidii hapa, kwa kuwa maji yanatoka chini.

Kama kilomita mbili na nusu kabla ya makutano kuna lundo la mawe makubwa yaliyoziba korongo. Kushuka ni mita nne au tano. Kuna vikanyagio vilivyochongwa kwenye jiwe, na mara nyingine kuna tundu la kupenya chini ya mawe, lakini kila mafuriko hubadilisha mpangilio: mchanga hujaa au huondoka, na picha za mwaka jana zinaweza kukudanganya. Beba mita 15 za kamba tuli (isiyovutika) ya milimita 8, ambayo uzito wake haufiki kilo moja. Ipitishe nyuma ya jiwe lililokwama imara, ncha zote mbili zifike chini, na ufunge mafundo kila nusu mita kwenye pande zote mbili, uzishike pamoja, maana kamba nyembamba iliyolowa huteleza kiganjani. Teremsha mashanta kwanza, watu baadaye. Wa mwisho akishuka, fungueni mafundo, vuteni ncha moja, kamba inakuja yote.

Utakuta kamba na tepe za nailoni zilizoachwa na waliopita. Zikamue kwa vidole uzisikilize. Zile zinazokwaruza kama msasa zimejaa chembe za mchanga ndani, na chembe hizo hukata nyuzi kila kamba inapobeba uzito, huku ganda la nje likionekana zima. Hata kamba yako, ukirudi, iloweke kwenye maji safi mara mbili tatu mpaka maji yasitoe tena rangi ya udongo. Na mwamba wenyewe ukiwa umelowa hupoteza nguvu. Kikanyagio kilichokuwa imara juzi hukatika leo. Usining'inie kwenye kingo nyembamba baada ya mvua.

Ukifika Paria, tatizo linageuka: maji ni mengi, ila ni uji wa udongo. Ukiyapitisha moja kwa moja kwenye chujio la nyuzi, litaziba baada ya lita chache. Waliokulia mahali pa maji ya mto wanajua dawa yake: shabu. Ndoo ya kukunja ya lita 4, robo kijiko cha chai cha shabu ya unga, koroga, acha saa nzima, kisha chota ya juu bila kutibua tope lililotuama chini, uchuje. Bora zaidi ni kupanga siku kwa chemchemi. Big Spring iko kama kilomita 8 chini ya makutano. Ya mwisho ya kutegemewa, inayoitwa hivyohivyo Last Reliable Spring, iko takribani kilomita 20 kabla ya Lees Ferry. Kipande hicho cha mwisho kiko wazi, hakina kivuli, na ndicho kinachowaangusha watu wanaodhani kazi imekwisha. Jaza lita 5 pale na uondoke alfajiri.

Mto unauvuka mara mamia. Vaa viatu vinavyotoa maji na soksi za mpira mwepesi, na kila jioni osha miguu uikaushe, la sivyo mchanga utakula ngozi ya vidole. Mchanga unaodidimia hufika gotini. Egemea nyuma, tingisha mguu polepole, tumia fimbo. Usivute kwa nguvu, kiatu kitabaki.

Sasa mafuriko. Ndani ya Buckskin, ukiinua macho, utaona magogo yaliyokwama kati ya kuta mita nyingi juu ya kichwa chako. Maji ndiyo yaliyoyapandisha pale. Mto Paria unakusanya maji tangu nyanda za Bryce, kwa hiyo anga ya buluu juu yako haisemi lolote. Julai hadi Septemba mapema ni msimu wa radi, usiombe kibali. Na msidhani miezi mingine ni salama: Machi 2023 watu wawili walikufa Buckskin, maji yalipojaa. Soma utabiri wa bonde zima asubuhi ya kuondoka, na ukisema mvua inawezekana, poteza ada. Ni dola chache.

Mvua hiyohiyo huifanya barabara ya House Rock Valley, ya kuelekea Wire Pass, kuwa udongo wa mfinyanzi usiopitika hata na gari la magurudumu manne. Kuzunguka kati ya Wire Pass na Lees Ferry ni kama saa mbili kwa gari, kwa hiyo acha gari lako Lees Ferry ukodi la kukupeleka mwanzo. Mkiagana na dereva, taja saa za jimbo gani: kuanzia Machi hadi Novemba Utah inatangulia Arizona kwa saa nzima, Lees Ferry iko Arizona, Wire Pass iko Utah, na simu yako itabadilika-badilika mpakani bila kukuuliza. Andika "8:00 asubuhi, saa za Arizona" kwenye ujumbe, naye akujibu hivyohivyo.