Huduma ya kupima kemikali zinazovuruga homoni za samaki na vyura: tathmini ya maabara moja jijini Mbeya

Mwezi Agosti kikundi chetu cha wafugaji wa perege, ambacho mabwawa yake yako chini ya mashamba ya mahindi katika bonde la Mto Chimala, kilipeleka sampuli tatu za maji kwenye maabara binafsi jijini Mbeya inayotangaza kwamba hupima kemikali zinazovuruga homoni za viumbe. Ninaandika kwa sababu wenzetu wa Mbarali na Mufindi wameanza kuulizia huduma hiyo, na ni vyema wajue inaona nini na haioni nini kabla ya kutoa fedha zao.

Mapokezi yalikuwa ya kuridhisha. Walitukabidhi mapema chupa za kioo za rangi ya kahawia, wakatueleza kwamba chupa za plastiki zinaweza zenyewe kuachia ndani ya maji kemikali zinazoiga homoni, na wakatutaka tufikishe sampuli zikiwa kwenye barafu ndani ya saa 24.

Kipimo chenyewe kinapendeza. Maabara hutumia hamira iliyopandikizwa jeni ya kipokezi cha estrojeni cha binadamu, yaani sehemu ya seli inayoipokea homoni hiyo ya kike. Maji yakiwa na kitu chochote kinachokishika kipokezi hicho na kukiamsha, hamira hutoa kimeng'enya kinachogeuza kimiminika kutoka rangi ya njano kuwa nyekundu. Uzuri wake ni kwamba halazimiki mtu kuijua kemikali kwa jina ndipo aitafute, kwa kuwa hamira huujibu mchanganyiko wote kwa pamoja, kama vile samaki anavyoupokea. Katika miaka ya 1990 kipimo cha namna hii kilisaidia kueleza kwa nini samaki madume katika mito ya Uingereza, chini ya mitambo ya majitaka, walikuwa wakitengeneza protini ya kiini cha yai ambayo kwa kawaida hutengenezwa na majike. Mtu mwenye bwawa karibu na mfereji wa majitaka ya mji atapata hapo jibu la maana.

Sisi, hata hivyo, hatuna majitaka ya mji. Tuna dawa ya magugu. Tulieleza wazi kwenye fomu kwamba mashamba yaliyo juu yetu hupigwa atrazini, na hapo ndipo huduma ilipotuangusha, kwa sababu atrazini haikishiki kipokezi cha estrojeni. Inadhaniwa kuchochea aromatasi, kimeng'enya kinachogeuza testosteroni, homoni ya kiume, kuwa estrojeni ndani ya mwili wa mnyama, na hamira haina njia ya kuliona jambo hilo. Majibu yetu yalikuja yakisema "hakuna shughuli ya homoni," nasi tukashangilia kwa muda wa siku mbili, mpaka nilipousoma mwongozo wa kipimo na kuelewa kwamba matokeo hayo yangekuwa yale yale hata kama atrazini ingekuwamo. Kwa swali letu kipo kipimo kingine, cha seli za tezi ya adrenali ya binadamu, ambacho OECD, Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, ilikitolea mwongozo namba 456 mwaka 2011, na ambacho hupima kama seli zinaongeza au kupunguza utengenezaji wa homoni. Maabara hiyo haikifanyi. Hilo si kosa. Kosa ni kutotuambia.

Jambo la pili ni kiwango walichotumia kulinganisha. Ukurasa wa mabaki ya kemikali katika ripoti yao uliweka kando ya kila namba kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha maji ya kunywa, ambacho kwa atrazini ni mikrogramu 100 kwa lita. Hicho ni kiwango cha binadamu. Tyrone Hayes wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliripoti mwaka 2002 kasoro za viungo vya uzazi kwa vyura waliokulia katika mikrogramu 0.1 kwa lita. Matokeo yake yamepingwa na watafiti wengine, lakini ripoti inayohusu wanyama haina budi kulitaja bishano hilo. Tena sisi wa Nyanda za Juu Kusini hatupaswi kuhitaji kukumbushwa. Idadi ya chura wa Kihansi, aliyeishi tu kwenye manyunyu ya maporomoko ya Mto Kihansi, ilipoporomoka mwaka 2003, zaidi ya ugonjwa wa kuvu na kuharibika kwa mitambo iliyowekwa kumnyunyizia maji, lango la bwawa la umeme la mto huo lilikuwa limefunguliwa kutoa tope lenye viuatilifu vya mashamba ya mahindi ya juu, na mwaka 2009 alitangazwa kutoweka porini.

Ninaipendekeza maabara hiyo kwa wanaoishi chini ya miji na viwanda. Kwa wakulima na wafugaji wa samaki, muulizeni mtaalamu kwanza: kipimo hiki kinaona njia ipi ya homoni? Pia msipeleke maji ya Agosti kama sisi, maana hakuna aliyetuuliza mashamba hupigwa dawa lini. Sampuli zetu zijazo tutazichota Desemba, baada ya mvua ya kwanza kubwa kuosha mashamba yaliyokwisha kupigwa dawa.