Tathmini ya Huduma ya Kupeleka Vijana Kufundisha kwa Kujitolea Ng'ambo
Wakala aliyempeleka binti yetu wa miaka 17 kujitolea katika shule ya msingi ng'ambo anastahili sifa kwa maandalizi: idhini ya wazazi, viza, bima na chanjo vilishughulikiwa mapema, na kanuni za ulinzi wa mtoto, ikiwamo kutokaa faragha na mwanafunzi na kutosambaza picha za watoto, zilifundishwa kwa uzito unaostahili.

Udhaifu upo darasani. Tangazo linaahidi kwamba kijana atafundisha darasa zima, ilhali mtu ambaye bado yuko sekondari hana mafunzo ya ualimu wala hajui mtaala wa nchi husika, na wanaopoteza vipindi ni wanafunzi. Mwalimu mkuu, aliyekuwa na busara kuliko tangazo, alimweka chini ya usimamizi wa mwalimu wa darasa, akawa anawasikiliza watoto wakisoma kwa sauti na kuwasaidia walioachwa nyuma, kazi aliyoimudu vyema.

Muda unaotolewa ni mfupi mno, kwa kuwa watoto huanza kumzoea msaidizi anapofungasha mizigo. Kabla ya kulipa, ulizeni ni sehemu gani ya ada inayofika shuleni. Sisi tulijibiwa kwa maneno ya jumla tu.